Kunguru wa Dumbo na chura Tiana: namna ya kukagua katuni kabla ya kuwaonyesha watoto

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila Jumamosi nawaonyesha watoto wa darasa la nne hadi la sita filamu ya katuni. Mzazi mmoja amelalamika kuwa Dumbo, ile katuni ya Disney ya 1941 kuhusu tembo mdogo wa sarakasi, ni filamu ya kibaguzi kwa sababu ya wale kunguru. Mwenzake akamjibu kuwa kunguru ni kunguru tu. Je, niachane na filamu za zamani? Na hizi mpya zenye mashujaa weusi, naweza kuzionyesha bila wasiwasi?"

Jibu: Mwalimu, wazazi hao wote wawili wana hoja, ila wamesimama mbali na penye tatizo lenyewe. Kwa kunguru nitafika. Kwanza nikupe njia ya kukagua, maana ukishaizoea utaitumia kwa filamu yoyote, ya 1941 au ya mwaka huu.

Mwigizaji wa filamu ya kawaida huja na mwili, sauti na mwendo wake kwa pamoja. Kwenye katuni vitu hivyo hutoka kwa watu tofauti: mmoja anachora umbo, mwingine anatoa sauti, wa tatu anabuni mwendo. Ndiyo maana rangi na asili ya mtu vinaweza kutiwa ndani ya sauti ya mnyama bila uso wa mtu mweusi kuonekana popote. Vilevile uso mweusi unaweza kuwekwa kwenye bango, halafu hadithi yenyewe ikauficha. Ukihesabu nyuso utakosea pande zote mbili.

Kwa hiyo kagua picha peke yake na sauti peke yake. Chukua dakika kumi za katikati ya filamu na uzime sauti kabisa. Andika nani ana jina, nani anatembea mbele, nani anawahudumia wenzake, nani anaonyeshwa mgongo tu, na nani pua, midomo au meno yake yametiwa chumvi huku wenzake wamechorwa kwa kiasi. Kisha chukua dakika kumi nyingine, geuza skrini ielekee ukutani, usikilize tu. Nani ana lafudhi? Mwenye lafudhi ni shujaa, mchekeshaji au mhalifu? Dakika za mwanzo hazifai kwa zoezi hili, kwa sababu wahusika bado wanatambulishwa na hujui nani atabaki kuwa nani.

Sasa Dumbo. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na maonyesho ya jukwaani yaliyoitwa minstreli. Wazungu walijipaka masizi usoni, wakachora midomo mikubwa, wakavaa glavu nyeupe na kuwaigiza watu weusi kama wavivu wenye kupenda kucheka. Mhusika wao maarufu, aliyevumishwa na Thomas D. Rice katika miaka ya 1830, aliitwa Jim Crow, na baadaye jina hilo likawa jina la sheria za kuwatenga weusi kusini mwa nchi hiyo. Kwa Kiingereza crow ni kunguru, na katika karatasi za studio kiongozi wa kunguru wa Dumbo anaitwa Jim Crow. Sauti yake ni ya Mzungu, Cliff Edwards, na kunguru wenzake wametiwa sauti na waimbaji weusi wa kwaya ya Hall Johnson. Mtazamaji wa Marekani mwaka 1941 alielewa bila kuambiwa kwamba kunguru hao ni watu weusi. Mtoto wa Morogoro haelewi, na mzazi anayesema kunguru ni kunguru tu anaeleza alichokiona kwa macho yake. Tena kunguru hao ndio wanaomhurumia Dumbo na kumsaidia kuruka, na wanaoitetea filamu wana haki kulisema hilo.

Pabaya ni mapema zaidi, usiku wa mvua, hema la sarakasi linaposimamishwa. Vibarua wote ni weusi na hakuna hata mmoja aliyechorewa macho wala mdomo. Wimbo wao unasema hawakujifunza kusoma wala kuandika, na kwamba wakilipwa huitapanya pesa. Hapa mtoto hahitaji historia ya Marekani. Anaona waziwazi kwamba tembo wana nyuso, majina na hasira, ila watu weusi hawana. Ukizima sauti, kipande hiki kinajitokeza chenyewe. Ukibishana kuhusu kunguru, kinakupita.

Upande wa sauti, mfano mzuri ni The Jungle Book ya 1967. Kitabu cha Kipling cha 1894 kina nyani wasio na mfalme. Filamu iliwapa mfalme, King Louie, anayeimba kwa mtindo wa jazi kwamba anatamani kuwa kama binadamu. Aliyemtia sauti, Louis Prima, alikuwa Mmarekani wa asili ya Kiitalia kutoka New Orleans, lakini jazi ni muziki wa watu weusi wa mji huohuo, na kumvisha sokwe sauti hiyo halafu kumfanya alilie ubinadamu ni jambo lisilohitaji maelezo marefu. (King Louie ni orangutani, mnyama wa Sumatra na Borneo ambaye hapatikani India, hadithi inakotokea. Asili ya mnyama haikuwashughulisha sana.)

The Lion King ya 1994 ni ngumu zaidi kuihukumu. Fisi wawili wanaozungumza wana sauti za Whoopi Goldberg, ambaye ni mweusi, na Cheech Marin, mwenye asili ya Meksiko, na lafudhi zao ni za mitaa ya maskini ya miji ya Marekani. Wamefungiwa sehemu yenye giza, na wakiruhusiwa kuingia nchi inakauka. Mmoja wao anaitwa Shenzi, na wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa jina hilo limechukuliwa wapi. Lakini Mufasa, mfalme mwenye busara kuliko wote, ni sauti ya James Earl Jones, naye ni mweusi, na Rafiki ni Robert Guillaume, mweusi pia. Mwovu mkuu, Scar, anaongea Kiingereza cha Uingereza. Maoni yangu ni kwamba filamu hii inafaa kuonyeshwa, mradi watoto waulizwe baadaye kwa nini fisi hawakupewa chakula tangu mwanzo. Katika toleo la 2019 Shenzi alitiwa sauti na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na uchekeshaji wa mtaani ukaondolewa.

Aladdin ya 1992 ipime kwa sikio kabla ya jicho. Aladdin na Jasmine wanaongea kama vijana wa California. Walinzi na wachuuzi sokoni ndio wenye lafudhi ya Kiarabu, pua kubwa na meno yaliyong'oka. Mtoto wa Mombasa, Unguja au Muscat ambaye babu yake huvaa kilemba ataona kwamba waliovaa kama babu ni wale wanaotaka kumkata mwizi mkono. Kamati ya Waarabu wa Marekani ya kupinga ubaguzi ililalamikia mstari wa wimbo wa mwanzo uliosema huko kwao watu hukatwa masikio, na mwaka 1993, kanda za nyumbani zilipotoka, mstari huo ukabadilishwa. Neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi liliachwa palepale.

Kuna jambo la sauti linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ikiwa nakala yako ni ya kibanda umiza, yaani ile ambayo DJ ameitafsiri juu ya sauti ya asili, basi unayemsikiliza ni DJ. Watafsiri wa aina hiyo huongeza mizaha yao, na aghalabu mizaha hiyo ni lafudhi za makabila au za Wahindi na Wachina. Filamu iliyokuwa safi inaweza kukufikia na dhihaka mpya. Isikilize yote kabla ya Jumamosi. Na hata tafsiri rasmi huzua ugomvi: Soul, filamu ya studio ya Pixar ya mwaka 2020, ilipotiwa sauti kwa Kireno cha Ureno na kwa Kidenmaki, mhusika mkuu mweusi alipewa waigizaji weupe, na watu wakalalamika katika nchi zote mbili.

Hapo tumefika kwenye filamu mpya, na hapa nakuomba uwe mkali zaidi kuliko ulivyo kwa za zamani, kwa sababu za zamani zinajulikana lakini mpya hupokewa kwa makofi kabla hazijaangaliwa.

The Princess and the Frog ya 2009 ilimleta Tiana, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Katika mipango ya awali aliitwa Maddy na alikuwa mtumishi wa ndani wa familia ya Wazungu. Malalamiko yalifanya jina na kazi vibadilishwe, akawa mhudumu wa mgahawa anayeweka akiba afungue mgahawa wake. Hayo ni mabadiliko makubwa, na New Orleans ya miaka ya 1920 imechorwa kwa upendo. Lakini sehemu kubwa ya filamu Tiana ni chura. Mwaka 2000, katika The Emperor's New Groove, Disney walikuwa wamemgeuza Kuzco, mfalme wa nchi iliyobuniwa kwa mfano wa Inka, kuwa lama. Mwaka 2003 Kenai wa Brother Bear, kijana wa wenyeji wa kaskazini ya Amerika, akawa dubu. Mwaka 2019 jasusi mwenye sauti ya Will Smith akawa njiwa katika Spies in Disguise, na 2020 Joe Gardner wa Soul akawa nafsi ya buluu, kisha paka, huku nafsi nyingine yenye sauti ya Tina Fey ikiuvaa mwili wake.

Sidhani kuna aliyeketi akapanga njama ya kuwaficha mashujaa wasio Wazungu ndani ya miili mingine. Katuni hupenda mageuzi tangu zamani, na hadithi ya chura ina chura. Kinachotokea ni kwamba mwandishi anataka shujaa "wa wote", anaogopa kukosea utamaduni asioujua, na mnyama humpa njia ya kutoka: hahitaji kujua nywele zinasukwaje wala chakula cha jioni nyumbani ni nini. Kipimo chake ni rahisi. Tumia saa ya simu: iwashe shujaa anapoonekana akiwa mtu katika mwili wake mwenyewe, izime anapogeuka. Kama hafikii nusu ya filamu, waambie watoto kabla, au chagua nyingine. Kisha jiulize kama mhusika angali mtu wa kwao akiwa mnyama. Katika Turning Red ya 2022, ya mwongozaji Domee Shi, Mei anageuka panda mwekundu, lakini panda huyo ametoka kwa nyanya zake Wachina, na bila ukoo huo hadithi haipo. Huko mageuzi yanaongeza kitu. Kwa Kuzco hayaongezi.

Ukitaka mfano wa upande wa pili, Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018. Shujaa wake, Miles Morales, ana baba mweusi askari polisi na mama wa Puerto Rico. Nyumbani na mtaani Kihispania kinasemwa bila maandishi ya tafsiri, kama ilivyo katika nyumba nyingi zenye lugha mbili. Barakoa inavaliwa na kuvuliwa, mwili haubadiliki. Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu, alikuwa mwongozaji mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya filamu ndefu ya katuni.

Nieleze kidogo ufundi wa ngozi na nywele, kwa sababu ndipo penye makosa ambayo wengi hawayatambui. Kompyuta huchora ngozi kwa kuhesabu mwanga unavyoingia chini ya uso wake, kutawanyika ndani na kutoka mahali pengine. Njia maarufu ilichapishwa mwaka 2001 na waliohusika wakatuzwa Oscar ya ufundi 2004. Inapendeza sana kwenye ngozi nyeupe, ile inayong'aa wekundu masikioni jua likiwa nyuma. Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu mwingine: melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi weusi wake, hunywa sehemu kubwa ya mwanga ulioingia, kwa hiyo kinachoipa uhai zaidi ni mng'ao wa juu ya ngozi na rangi zinazoakisiwa na vitu vya jirani. Mwangazaji mzuri huweka taa pana na laini pembeni, na mstari wa mwanga kwenye ukingo wa uso. Asiyejua huongeza mwanga wa mbele tu, na ngozi inakuwa ya kijivu kama iliyopakwa majivu, au anaamua kuipausha. Tiana alipaushwa hivyo katika picha za kwanza za Ralph Breaks the Internet mwaka 2018, watu wakalalamika, na Disney wakamrekebisha kabla filamu haijatoka. Kwa Soul, Pixar walimwita Bradford Young, mpiga picha wa filamu mweusi, awashauri kuhusu mwanga. Wewe linganisha uso mmoja mara tatu: mchana nje, usiku, na mbele ya ukuta wenye giza. Ukipoteza pua na mashavu usiku, au rangi ikibadilika kana kwamba ni mtu mwingine, wahusika weusi hawakufikiriwa taa zilipopangwa.

Nywele za kipilipili zilikuwa tabu zaidi. Hesabu za zamani zilichukulia unywele kama uzi laini unaoning'inia kwa uzito wake. Kipilipili hujikunja kama springi, hupanda badala ya kushuka, na mikunjo hushikana na ya jirani. Ukizilazimisha kwenye programu hizo, zinanyooka au zinatetemeka hovyo. Suluhisho la haraka likawa kofia, kipara, kifundo nyuma au nywele fupi zilizoganda kama helmeti. Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyewahi kufanya kazi Pixar, na A.M. Darke wa California walichapisha na wenzao mwaka 2023 na 2024 njia zilizobuniwa mahsusi kwa nywele hizi. Alama ya kutafuta ni kama nywele za mhusika zinafanya chochote: zinalowa, zinafumuliwa, zinashikwa na mama? Filamu fupi ya Hair Love ya Matthew A. Cherry, iliyoshinda Oscar 2020, imejengwa yote juu ya baba anayejaribu kumtengeneza binti yake nywele. Ni ya dakika chache tu na watoto wa kike darasani watakuwa na mengi ya kusema.

Halafu kuna kasoro isiyoonekana kwa sababu ni kutokuwepo. Tarzan ya 1999 inatokea Afrika na haina Mwafrika hata mmoja. The Lion King ina wanyama pekee. Madagascar: Escape 2 Africa ya 2008 ina binadamu, nao ni watalii wa New York waliopotea. Mtoto wa Arusha anaweza kuziona zote tatu akajifunza kwamba kwao hakuishi watu. Hakuna kipande cha kukata hapo. Dawa yake ni kuongeza filamu nyingine kando. Kirikou et la sorcière ya Michel Ocelot, 1998, ina kijiji kizima cha Afrika Magharibi, sauti zilizorekodiwa Dakar na muziki wa Youssou N'Dour. Wanawake wako vifua wazi kama desturi ya hadithi inavyotaka, kwa hiyo waarifu wazazi mapema. Kizazi Moto: Generation Fire ya 2023 ni mkusanyo wa filamu fupi kumi za Waafrika wenyewe, miongoni mwao Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Chache zina vitisho, basi chagua mbili tatu zinazofaa umri. Kwa wadogo zaidi, Ubongo Kids ya Dar es Salaam ni ya Kiswahili na haihitaji mkalimani.

Kuhusu za zamani, usiziache zote. Nyingine zinatosha kwa kipande. Peter Pan ya 1953, kwa mfano, ina wimbo mzima unaowadhihaki wenyeji wa Amerika kwa rangi yao. Ruka wimbo huo, hadithi haitapungua. Kipande cha hema la Dumbo kina dakika chache, na kwa darasa la sita kinaweza kuwa somo lenyewe. Usisimamishe filamu katikati ukahubiri, kwa sababu mahali uliposimama ndipo watakapokumbuka. Subiri iishe, uwape maswali matatu: nani hakuwa na jina, nani alichekwa, nani aliamua mambo. Tahadhari za maandishi hazikusaidii. Disney+, huduma ya Disney ya filamu za mtandaoni, waliweka ya sekunde kumi na mbili mwaka 2020, na 2021 wakaziondoa Dumbo, Peter Pan na The Aristocats kwenye akaunti za watoto, lakini filamu ya kwenye flashi haina tahadhari wala akaunti.

Na flashi ndiyo ya kukaguliwa zaidi, hasa Tom and Jerry, ambayo watoto wako wameiona kuliko yoyote niliyoitaja. Kuanzia 1940 hadi 1952 vipindi vingi vina mtumishi mweusi anayeonyeshwa miguu na mikono tu, kwa sauti ya Lillian Randolph. Miaka ya 1960 baadhi vilichorwa upya akawa mwanamke Mzungu, na baadaye vingine vikarekodiwa sauti mpya huku picha ikibaki ileile. Nyuso zinazogeuka masizi na midomo mikubwa baada ya mlipuko zimekatwa katika nakala nyingine na kuachwa katika nyingine. Fantasia ya 1940 nayo ilikuwa na mtumishi mweusi, nusu mtu nusu mnyama, anayesugua kwato za wenzake weupe. Aliondolewa mwaka 1969, lakini nakala zenye kipande hicho bado zinazunguka mtandaoni. Jina la faili halitakwambia umepewa toleo gani, kwa hiyo fungua kila kipindi mwenyewe kabla ya kukipeleka darasani.